Vitabu Vilivyobaki Sandukuni

Hotuba kwa wakutubi, walimu na wazazi, Tanga

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu wa rika, habari za asubuhi. Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Itifaki imezingatiwa, kwa hiyo niruhusuni niingie kwenye jambo lililonileta.

Nimekaa nyuma ya kaunta ya maktaba zaidi ya miaka 25. Muda mwingi wa miaka hiyo niliamini kwamba faini ndiyo inayorudisha vitabu. Leo siamini tena. Nimekuja kuwaomba tuache kuwatoza watoto faini ya kuchelewesha kitabu, na nitawaeleza kilichonibadilisha.

Mwaka 1998 nilikuwa mgeni kazini, katika maktaba ambayo sitaitaja jina. Ilikuwa Alhamisi. Nakumbuka kwa sababu mwenzangu alikuwa amekwenda benki kupeleka makusanyo na nimebaki peke yangu. Akaingia mvulana wa kidato cha pili na vitabu viwili, kimoja cha jiografia na kimoja cha hadithi, amevifunga kwenye gazeti visichafuke. Akaviweka kaunta. Nikafungua nyuma, pale inapobandikwa karatasi ya tarehe, nikahesabu. Amechelewa siku 43. Faini yetu ilikuwa shilingi 50 kwa kitabu kimoja kwa siku moja. Nikamwandikia kwenye kikaratasi: 4,300.

Akakiangalia kile kikaratasi muda mrefu. Akaniambia likizo walikwenda Handeni, bibi yake akafariki, wakakaa mpaka arobaini. Nikamjibu kama nilivyofundishwa: pole sana, lakini utaratibu ni utaratibu. Mama yake nilimfahamu, alikuwa akiuza maandazi kituo cha basi. Andazi moja lilikuwa shilingi 20. Kwa hiyo nilikuwa nimemwandikia mtoto maandazi 215, kabla hujatoa unga, mafuta na kuni.

Mkono wake ulikuwa bado juu ya vitabu. Akaniuliza, "Dada, nikiviacha, deni litazidi kukua?" Nikamwambia likishaandikwa halikui, ila kadi inafungwa mpaka alipe. Akafikiri kidogo, akavifunga tena kwenye gazeti lake, akasema atarudi navyo akipata hela. Akaondoka. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hakuviacha. Nadhani aliona aibu kutua vitabu mezani mikono mitupu, kama mtu anayebwaga mzigo mlangoni kwa watu na kukimbia. Kwetu mtu anayedaiwa huwa anafundishwa kitu kimoja tu: dawa ya deni ni kulipa. Hakuna aliyemfundisha kwamba anaweza kurudisha kitabu kwanza, hela baadaye.

Hakurudi.

Mambo hayakuishia kwake. Mnajua fomu zetu: mtoto hapati kadi bila mdhamini, na mdhamini wake alikuwa mwalimu wa darasa. Baada ya miezi mitatu tukamwandikia mwalimu barua. Mwalimu akaja, akalipa sehemu kutoka mshahara wake, hakugomba wala kupandisha sauti. Ila mwaka uliofuata shule ile haikutuletea fomu hata moja. Hata moja! Ripoti yetu ya mwaka ilionyesha vitabu viwili havijarudi na faini fulani haijalipwa. Watoto ambao hawakupata mtu wa kuwasainia hawakuonekana kwenye safu yoyote ya ripoti ile.

Mwaka 2015 nilikuwa napita kwenye kijiwe cha bodaboda, mtu mzima mmoja akashuka kwenye pikipiki yake, akanisalimia: "Shikamoo mama wa maktaba." Sikumtambua. Akanitajia mwaka, akanitajia Handeni. Kisha akasema, "Mama, vile vitabu ninavyo. Viko kwenye sanduku la bati la marehemu mama. Nimehama navyo nyumba tatu. Naogopa kuvileta, maana sijui vimefika ngapi."

Nilipiga hesabu usiku ule. Kwa shilingi 50 zilezile, miaka 17, vitabu viwili: zaidi ya shilingi 620,000. Yule mtu alikuwa anaishi na nambari kama hiyo kichwani, na alikuwa bado anavitunza vitabu vyetu vizuri kuliko tulivyovitunza sisi tulivyobaki navyo rafuni.

Nikaanza kusoma kuhusu maktaba za kwingine, nikakuta kwamba hofu ile haikuwa ya Tanga peke yake. Mwaka 2012 maktaba ya umma ya jiji la Chicago, Marekani, ilitangaza msamaha: lete ulichoazima, hutozwi. Vilirudi zaidi ya vitabu na vifaa vingine 100,000, vyenye thamani ya karibu dola milioni 2. Miongoni mwake kulikuwa na kitabu kilichoazimwa mwaka 1934. Mama mmoja alikikuta kwenye vitu vya mama yake mzazi, na alipokileta alitaka kwanza ahakikishiwe kwamba hatakamatwa. Baada ya miaka 78! Niliposoma habari ile nilimwona kijana wangu wa bodaboda na lile sanduku la bati.

Msamaha ulipopita, faini zikarudi. Ilibidi wafike mwaka 2019 ndipo wakatazama nani hasa anaumia. Utaratibu wao ulikuwa kwamba ukidaiwa dola 10 kadi inafungwa. Wakagundua kwamba upande wa kusini wa jiji, wenye mitaa mingi ya Wamarekani weusi na ya watu wa kipato cha chini, katika kila watu watatu wenye kadi mmoja alikuwa hawezi kuazima. Upande wa kaskazini alikuwa mmoja katika sita. Na katika kila eneo la jiji, karibu asilimia 20 ya kadi zilizofungwa zilikuwa za watoto walio chini ya miaka 14.

Naomba tukae hapo kidogo. Sheria ilikuwa moja, faini ilikuwa moja, karatasi ya tarehe ilikuwa ileile. Je, watu wa kusini wanasahau tarehe mara mbili ya watu wa kaskazini? Mimi siamini. Ninavyoona mimi, kuchelewesha wanachelewesha wote. Wa kaskazini akiambiwa dola 10 anatoa, anachukua kitabu kingine, anakwenda zake. Wa kusini akiambiwa dola 10 anasema nitarudi. Hata hapa kwetu, mtoto wa daktari na mtoto wa muuza maandazi wakichelewa siku zilezile 43, mmoja ataendelea kusoma na mwingine ataacha, na sisi kwenye daftari tutaandika kwamba tumewatendea sawa.

Chicago wakafuta faini za kuchelewesha kuanzia tarehe 1 Oktoba 2019. Madeni ya nyuma nayo yakafutwa. Katika wiki tatu za mwanzo vitabu vilivyorudishwa viliongezeka kwa asilimia 240. Waliokuwa na hofu wakavitoa uvunguni.

New York walifuata tarehe 5 Oktoba 2021, taasisi zote tatu za maktaba za jiji lile kwa siku moja. Kule kadi ilikuwa inafungwa ukifika dola 15, na kitabu cha mtu mzima kilitozwa senti 25 kwa siku. Fanyeni hesabu: vitabu vitatu, siku 20, tayari umefungiwa. Watu kiasi cha 400,000 walikuwa wamefungiwa hivyo. Katika miezi iliyofuata taasisi hizo tatu zilipokea zaidi ya vitabu na vifaa 88,000 vilivyokuwa vimehesabiwa kuwa vimechelewa au vimepotea.

Mtaniambia, mama, hiyo ni Marekani, wao wana pesa. Nitakuja kwenye pesa. Kwanza niseme jambo ambalo kwetu lina uzito kuliko kule.

Mtoto wa kule akifungiwa kadi bado anaweza kukaa maktaba akasoma. Hapa kwetu, ni nani anaweza kukaa? Kengele ya shule inalia jioni. Mvulana ana nafasi ya kupita maktaba nusu saa kabla hatujafunga. Binti anatakiwa nyumbani: maji, kuni au mkaa, mdogo wake wa kubebwa, chakula cha jioni. Nimeona mabinti wakiingia wanahema, wanachukua kitabu, wanagongewa muhuri na kutoka, dakika tano tu. Wao hawaji kusoma maktaba. Wanakuja kubeba kitabu wakasome usiku wakishaosha vyombo. Kwa hiyo ukifunga kadi ya mvulana umempunguzia, ukifunga kadi ya binti umemaliza kabisa. Na hao hao mabinti ndio wanaochelewesha zaidi, kwa sababu kurudi maktaba siku fulani ya tarehe fulani hakuko mikononi mwao. Mama akiugua, nani anabaki nyumbani?

Kisha wapo ambao hatuwaoni hata kwenye orodha ya wadaiwa, kwa sababu hawajawahi kuazima. Mzazi amemwambia mtoto, "Soma hukohuko, usiniletee kitabu cha serikali ndani ya nyumba yangu kikaliwa na panya." Nimesikia maneno hayo kwa masikio yangu mlangoni pangu. Simlaumu mzazi yule. Amepiga hesabu: paa linavuja, mtoto mdogo anachana kila karatasi, na kuna mtu maktaba mwenye kitabu cha stakabadhi. Amechagua usalama. Juu ya hofu ya faini tumemwongezea ada ya uanachama, picha mbili za pasipoti, na mdhamini mwenye muhuri. Kila kimoja ukikitazama peke yake ni kidogo. Kwa mtu anayeishi kwa kibarua cha siku, picha tu zinamfanya aseme mwezi ujao, na mwezi ujao anasema hivyohivyo.

Tukumbuke nyumba hizi zilijengwa kwa ajili ya nani. Nairobi, maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931 na kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuitumia. Kwetu, uhuru ulipopatikana, bodi ya maktaba iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akaifungua Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam. Mwalimu mwenyewe alikuwa mtu wa vitabu, na nchi ile maskini iliweka maktaba kwenye mambo yake ya mwanzo. Walitaka mkulima na mtoto wa mkulima waingie. Inaniuma kufikiri kwamba mlango ule ukija kufungwa tena kwa mtoto wa muuza maandazi, safari hii ufunguo umekuwa mkononi mwangu mimi.

Sasa hoja ya nidhamu, ambayo walimu wengi mtakuwa nayo. Tusipotoza, si kila mtu atakaa na kitabu anavyotaka? Nilikuwa na hoja hiyohiyo, mpaka niliposoma utafiti uliofanywa na wachumi wawili, Gneezy na Rustichini, katika mji wa Haifa, Israeli, na kuchapishwa mwaka 2000. Walichukua vituo 10 vya kulelea watoto. Wazazi walikuwa wanachelewa kuwachukua watoto jioni, walimu wanabaki kuwasubiri. Vituo sita vikaweka faini ya shekeli 10 kwa kila kuchelewa. Wachelewaji wakaongezeka, mpaka wakafika karibu mara mbili. Faini ilipoondolewa, idadi haikushuka tena. Kabla ya faini mzazi alikuwa anamwonea haya mwalimu, anakuja mbio akiomba radhi. Faini ilipowekwa akaona amenunua muda, na mtu hamwombi radhi muuzaji.

Nimeliona hilo kaunta kwangu pia. Nina wasomaji wenye uwezo ambao wanakaa na kitabu kipya cha sheria au cha uhasibu mwezi mzima, na wakija wanatoa noti, "Chukua, mama, na chenji baki nayo." Wanafunzi wa chuo wanakisubiri kitabu kilekile. Mwenye hela faini haimtishi. Anayetishika ni yule ambaye tungetaka aje kila siku.

Tuje kwenye pesa. Najua wapo wenzangu hapa ambao faini ndiyo inanunua gundi, balbu na sabuni ya kudekia. Sitasema hilo ni dogo, nimefanya kazi gizani nalijua. Lakini tuhesabu pande zote mbili. Jiji la San Diego, Marekani, lilipokaa kuhesabu, lilikuta linatumia kiasi cha dola milioni 1 kwa mwaka kukusanya madeni ya maktaba ya dola 675,000. Mshahara wa anayeandika, anayepiga simu, anayetuma barua.

Mimi nilijaribu hesabu ya namna hiyo kwangu, kwa daftari na kalamu, wiki moja. Mtoto anadaiwa shilingi 600. Zamani nilikuwa naweka karatasi ya kaboni, naandika stakabadhi kwa nakala, naingiza kwenye daftari la makusanyo, mwisho wa juma mtu anapanda gari kwenda benki, na mkaguzi akija tunatafuta ile nakala ya shilingi 600 kwenye makabati. Siku hizi malipo ya taasisi za umma yanataka namba ya kumbukumbu ya malipo. Kwa hiyo naacha msomaji amesimama, natengeneza namba, mtandao unakatika, narudia. Mtoto hana simu. Anatoka kutafuta wakala, na wakala naye ana makato yake. Mtoto akirudi tumeshafunga. Wiki ile, saa nilizotumia kwenye faini zilikuwa nyingi kuliko saa nilizotumia kumtafutia mtu kitabu. Mimi nilisomea kumtafutia mtu kitabu.

Gundi na balbu ziombwe mahali pake, kwenye bajeti ya halmashauri, kwa jina lake: gundi na balbu. Waheshimiwa madiwani mlioko hapa, hilo nalileta kwenu. Mtoto wa darasa la sita asiwe ndiye anayelipia umeme wa jengo la umma kwa sababu bibi yake amefariki.

Nisieleweke vibaya. Kitabu kilichopotea ni kilichopotea. Chicago hawakufuta hilo, na mimi sitaki lifutwe. Kwao, kitabu ambacho hakuna mwingine anayekisubiri kinaongezewa muda chenyewe, hadi mara 15. Muda ukiisha na hukirudishi, unadaiwa bei ya kitabu. Ukikileta, deni linafutika palepale. Utaratibu huo una akili kwa sababu unadai kitu ambacho maktaba imepoteza kweli. Kitabu kikikaa rafuni kwangu siku 43 bila mtu kukigusa, au kikikaa Handeni siku 43 kwenye mkeka wa mtoto aliyefiwa, maktaba imepoteza nini? Huenda Handeni kilisomwa.

Aliyepoteza kabisa naye asifungiwe maisha. Tumruhusu alete kingine kinachofanana, hata kilichotumika. Mwenye mzazi fundi, mzazi aje atushonee vitabu viwili vilivyoachia, mimi nitaona deni limelipwa. Na kabla ya yote tuwakumbushe watu. Ujumbe mfupi wa simu kwa mzazi, siku mbili kabla ya tarehe, unatosha. Tulipoanza kutuma, hata wale wa noti na chenji walianza kuja.

Yule kijana wa bodaboda nilimwambia avilete. Akavileta Jumamosi, vimefungwa kwenye gazeti jipya. Kile cha jiografia kina ramani ya Afrika ambayo Kongo bado inaitwa Zaire, kwa hiyo hakitarudi rafuni, lakini kile cha hadithi kimerudi na kimeshaazimwa. Nilikwenda kwa mkuu wangu nikamweleza yote, akachukua kadi ya zamani akaandika "deni limefutwa" na sahihi yake. Kijana alisimama pale kama hajaelewa. Kisha akaomba fomu, ya binti yake wa darasa la nne. Akajaza mpaka kwenye nafasi ya mdhamini, akaacha wazi, akanitazama. Nikaijaza mimi.

Mkuu wangu amekubali tujaribu. Kuanzia Jumatatu, kwa miezi sita, mwanafunzi yeyote wa msingi au sekondari hatatozwa faini ya kuchelewesha kwenye kaunta yetu, na madeni yote ya nyuma ya kuchelewesha yanafutwa. Nje ya mlango tumeweka sanduku la mbao lenye tundu, fundi amelimaliza jana. Mtu anayeona haya aje hata saa mbili usiku, atumbukize, aende. Walimu, naomba mlitangaze mstarini, na mlitangaze kwa wazazi kwenye vikao. Semeni hivi: maktaba inataka kitabu chake, haitaki hela yako. Wakutubi wenzangu wa wilaya nyingine, mwezi wa saba nitawaletea daftari langu mlione wenyewe, vitabu vingapi vimerudi na kadi ngapi zimefunguliwa, vikipungua nitawaambia vimepungua.

Fomu mpya ziko meza ya mlangoni. Nafasi ya mdhamini tumeiacha ila si lazima kuijaza, na picha moja inatosha. Sasa nipo tayari kwa maswali, na ningependa kuanza na wazazi.